Nusu ya Buni

Chonyonyo, jioni ya kuamkia safari yako

Kokugonza binti yangu,

Salamu nitakupa mwishoni. Nikianza nazo nitakuwa mnafiki, kwa sababu nina hasira, na wewe unajua nina hasira, na hata kuku wa jirani wanajua. Tangu urudi kutoka Bugene umejifungia chumbani, mimi nimekaa jikoni na kalamu ya baba yako, na kati yetu uko ukuta wa udongo. Nilijaribu kukueleza kwa mdomo nikaishia kupiga kelele, nawe ukalia. Basi nimeona niandike, maana kalamu haina koo.

Baba yako amechungulia mlangoni sasa hivi. Akasema, "Marta, mtoto anaondoka alfajiri, na wewe unagombana na basi?"

Nikamjibu ndiyo, nagombana na basi. Akatikisa kichwa akaenda kumwangalia ndama.

Sitakuandikia habari za kufua shuka, wala namna ya kuwaamkia walimu wa chuo, wala nguo za kuvaa melini. Shangazi yako amekwisha kukujaza masikio na hayo yote, na mengine kayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ile buni iliyofungwa kwenye leso yako.

Ulirudi leo mchana unang'aa. Ulisimama hapo uani ukasema, "Mama, Bwana Kaijage kanipa kiti cha mbele! Bure! Kasema binti wa Mama Koku hawezi kukaa nyuma kama mzigo. Kanigawia na buni." Ukafungua leso nikaiona ile punje. Nikakuuliza kama uliipokea mwenyewe. Ukajibu kwa adabu zako zote, "Niliipokea, mama. Kwa mikono miwili, kama mlivyonifundisha."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Wewe ulidhani mama yako amechanganyikiwa kwa uchungu wa safari. Sikuchanganyikiwa. Niliitazama ile mikono miwili, Koku, na mmoja wake ni mkono wako wa kushoto, ule usionyooka.

Wewe unajua kwamba ulianguka kwenye mpera wa kanisani ulipokuwa mdogo. Ni kweli, ulianguka. Lakini mpera uliuvunja tu mkono, haukuupinda. Aliyeupinda ni Kaijage, na mimi nikamshikia. Watu wengi wa Bugene wanalijua jambo hili, na nilikosa adabu ya kukuambia kabla ya leo, kwa sababu kila nilipoanza hasira ilinitangulia. Leo acha itangulie, mimi nitaifuata nyuma.

Nianze na babu yako, baba yangu mimi. Hukumkuta. Alikuwa na ndugu wa mukago upande wa Nyakatuntu. Unajua omukago ni nini, lakini nyinyi wa shule mnaujua kama mnavyoijua mito ya Ulaya. Watu wawili wasio wa tumbo moja wanachanja kidogo hapa karibu na kitovu, wanapasua buni moja. Buni ina punje mbili zinazolala pamoja ndani ya ganda moja. Kila mmoja anapaka punje yake damu, anampa mwenzake ameze. Tangu hapo mmekuwa ndugu kuliko ndugu. Akija usiku unafungua. Akiwa na njaa unampa hata mbegu. Ukimsaliti, ile punje inavimba tumboni mpaka inakuua. Ndivyo tulivyoambiwa, na sikuwahi kumwona mtu aliyejaribu. Mwaka ambao migomba yetu ilikauka, ndugu huyo wa babu yako alikuja na maharage kichwani kwake mwenyewe, mwanaume mzima amejitwisha kama mwanamke, hakujali nani anacheka. Mimi nilikuwa mtoto na nilikula maharage yale. Kwa hiyo ukinitajia mukago, mimi sisikii neno. Nasikia harufu ya chungu cha maharage.

Kisha tukabatizwa. Mwalimu wa kanisa akasema kunywa damu ni upagani, na mtu akionekana ana chale mpya tumboni anatengwa na meza ya Bwana. Tukaacha, ila hamu haikuacha. Tukabaki na kutafuna buni tu, za kupokelea wageni, na kila nilipopokea kikapu cha buni nilihisi kuna kitu kimepungua humo.

Sasa ndipo akaja Kaijage. Alitoka upande wa Muleba, Mkatoliki safi, shati jeupe, maneno matamu. Alinunua basi, bodi ya mbao na mabenchi, na juu ya kioo cha mbele akaandikisha kwa rangi nyekundu neno moja: OMUKAGO. Wengine walikuwa wakiandika "Mungu Mkubwa" au "Taratibu". Huyu akaandika lile neno ambalo makanisa yote mawili, letu na la Wakatoliki, yalitukataza kulitamka, akaliendesha barabarani mchana kweupe. Ungeona watu walivyotoka mashambani kulitazama.

Na alikuwa na desturi yake. Ukipanda mara moja, wewe ni abiria. Ukipanda mara kwa mara, siku moja anakuita kwa jina, anatoa buni kwenye mkebe, anaipasua kwa kucha mbele ya macho yako. "Nusu yako, nusu yangu. Mukago wa Kikristo huu, hauna damu, hauna dhambi." Anakupa punje moja, nyingine anaipeleka mdomoni kwake. Tangu siku hiyo kila safari anakupasulia nyingine, mzigo wako unapandishwa kwanza, na utingo anakwambia waitu kama unavyomwambia mkubwa. Ukiendelea kuwa mwaminifu, unapata kiti cha mbele, kando ya tajiri mwenyewe, maana siku hizo aliendesha kwa mikono yake. Kiti kile kilikuwa na mto wa kitambaa chekundu.

Mimi nilikuwa nachuuza samli Bukoba. Nilikuwa mwanamke wa vibuyu na jasho, ninayenuka samli mpaka nyusi. Siku Kaijage alipopasua buni kwa ajili yangu, nilimeza ile punje nzima bila kuitafuna, kama wazee. Nikarudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba sasa nina ndugu mwenye basi. Baba yako akauliza, "Na yeye anajua kwamba ana dada?" Nikamnunia hadi Jumapili.

Nilipofika kiti cha mbele, Koku, niliharibika. Nakuambia ukweli wangu. Nilipenda kuwaona wengine wakijibanza nyuma na mbuzi. Nilipenda kupita Bugene taratibu nikiwa dirishani ili watu waseme, "Mama Koku yule, yuko mbele." Basi liliponasa kwenye tope, na lilinasa kila masika, watu wa nyuma walishuka wakasukuma. Sisi wa mbele hatukusukuma. Tulikaa ndani tukiongeza uzito, na tukajiona tumeheshimiwa.

Wakati huo barabara ile ile ilikuwa na lori la Mzee Abdala, mfanyabiashara wa Bukoba. Bado analo, na bado ana uso ule ule. Hana buni, hana mto mwekundu, hana maneno. Lori lake halina hata jina. Watu walilipa jina wenyewe: Lisilosalimia. Lakini lilikuwa linaondoka saa iliyosemwa na kufika siku iliyosemwa, na mwenye nauli ya mwisho alikaa sawa na mwenye nauli ya kwanza. Sisi wa mukago tulikuwa tunalicheka. "Utapandaje gari la mtu asiyekujua hata jina?" Mara moja basi letu lilikwama mlimani baada ya kuvuka Kagera, Abdala akasimama, akasema ana nafasi. Watu wengine walihamia. Mimi nilibaki kwenye kiti changu nikalala porini, samli yangu ikalala na mimi, asubuhi ikawa imeingia maji ya mvua, imeharibika. Na unajua nilimwambia nini Kaijage? Nilimwambia pole.

Sasa nifike kwenye mpera.

Ulianguka jioni. Mkono ulikuwa umegeuka, na nilijua ni kazi ya hospitali ya Bukoba. Baba yako alikuwa ng'ambo kwa machungo ya ng'ombe. Nilikufunga mgongoni alfajiri nikateremka Bugene. Ulilia njia nzima, kisha ukanyamaza, na kunyamaza kwako kuliniogopesha zaidi.

Lori la Abdala lilifika kwanza. Mwenyewe alikuwa mbele, alikuona kwa dirisha, akafungua mlango akasema neno moja, "Pandeni."

Koku, nilimjibu, "Asante mzee, mimi nina gari langu."

Gari langu! Mwanamke wa vibuyu viwili! Abdala akanitazama. Akasema, "Mama, mkono uliovunjika haujui gari la nani." Nikageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Niliona nikipanda pale, mbele ya watu wote, nitakuwa nimevunja mukago. Nilimwogopea Kaijage aibu. Abdala akafunga mlango akaenda zake, kwa saa yake.

Omukago lilikuja jua likiwa limepanda sana. Nilisimama barabarani nimejiandaa, nimekwisha kukugeuza kifuani ili tuingie mbele. Nikaona kiti changu kina mnunuzi mmoja mkubwa wa kahawa na mkewe, mke kavaa kofia. Kaijage akatoa kichwa dirishani, tabasamu lote.

"Mama Koku! Ndugu yangu! Leo mbele pana wakubwa, na nyuma pamejaa pomoni. Kesho, mbele yote ni yako na mtoto. Ahadi."

Nikamwonyesha mkono wako. Nikamwambia, "Tazama, Bwana Kaijage. Tazama."

Akatazama. Akasema, "Pole sana, waitu, pole sana." Kisha akachukua mkebe, akapasua buni, akanipa nusu.

Na mimi nikaipokea. Nilikuwa nimekubeba kwa mkono mmoja, nikaipokea kwa ule mwingine, nikasema asante, nikameza. Basi likaondoka. Nilikuwa nimekwisha kumeza ndipo akili ikanijia: gari linalokwenda Bukoba leo litakuwaje Bugene kesho? Hata mtoto angejua. Mimi sikujua, kwa sababu ndugu hahesabiwi siku.

Basi halikufika mbali. Lilisimama pale kwenye kona, mtu akashuka, akatupiwa mzigo wake wa ngozi chini. Alikuwa Ta Petro, mzee wa Nyakatuntu, mchuuzi wa ngozi tuliyemzoea kukaa benchi la nyuma yangu; siku hiyo alikuwa amepandia kabla ya Bugene. Alirudi kwa miguu akasema, "Ma Marta, mlete mtoto kivulini." Akachonga vijiti akakufunga banzi kwa kamba za mgomba. Kazi yake ni kuwamba ngozi, vidole vyake vinajua kukaza bila kuumiza. Kisha akakubeba mabegani mpaka hapa nyumbani, na soko lake la ngozi likampita. Nilimuuliza kwa nini ameshuka, maana si ndugu yetu wala hatusali naye. Akajibu kwamba na yeye hajui, miguu tu ilikataa kukaa.

Mvua ikafungulia usiku ule, barabara ikakatika, na gari halikupita wiki nzima na zaidi. Tulipofika hospitali mfupa ulikuwa umekwisha kushikana vibaya. Daktari alisema bila lile banzi usingeweza hata kushika kikombe. Alisema pia, "Mngekuja siku ile ile." Ningemwambia nini, kwamba nilikuwa na gari langu?

Sasa nakuona unavyosoma, umekunja uso wako huo wa baba yako, unauliza: mama, baada ya hapo ulimwacha?

Sikumwacha. Nilipanda tena. Nilipanda masika ile na masika iliyofuata, mbele, kwenye mto mwekundu. Hiki ndicho ninachotaka ukielewe, na ndicho kinachonichemsha mpaka leo kuliko hata yule Kaijage. Ningehamia kwa Abdala, ningekuwa nimekiri mbele ya Bugene nzima kwamba mkono wa mtoto wangu umepinda bure. Kumbe nikibaki, bado kuna maana fulani, bado kuna undugu, ilikuwa bahati mbaya tu, wakubwa walikuwepo, mvua ilinyesha. Nilimtetea! Mtu akimsema vibaya, mimi ndiye niliyeruka kwanza. Safari zote nilizopanda zilikuwa nyuma yangu zikinisukuma nipande nyingine. Nilikuwa nimeweka heshima yangu kwenye kiti kile, na mtu hawezi kushuka akaiacha heshima yake garini iende Bukoba peke yake.

Watu wanasema tulimpenda Kaijage kwa sababu ya buni. Uongo. Mchoyo hata nyumbani kwake buni zipo. Tulimpenda kwa sababu alituita kwa majina mbele ya watu ambao hawakuitwa. Angetuita wote, asingepata hata abiria mmoja wa kudumu.

Nisikie sasa nilivyoshuka. Halikuwa jambo kubwa, na ndiyo maana naona aibu.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilipanda Bugene, akapasua buni, "nusu yako, nusu yangu," nikameza yangu. Yeye akapeleka yake mdomoni. Lakini nilikuwa karibu, na jua lilipiga upande wake, nikaona mkono wake ukifika mdomoni na kushuka, na vidole vikiingia mfuko wa shati. Nikafikiri ni macho yangu yananidanganya. Mbele kidogo alikuwa anangoja Ta Petro na ngozi zake. Kaijage akasimamisha, akatia mkono mfukoni, akautoa nje ya dirisha. "Ta Petro, ndugu yangu! Nimekwisha kuipasua. Nusu yako hii hapa, yangu nimeshameza!"

Ilikuwa nusu ya buni yangu.

Mwanzo sikukasirika. Nilijisikia kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha ndiyo hasira ikaja, yote kwa pamoja, ya samli na ya porini na ya mpera. Nikasema, "Nishushe."

"Kuna nini, Mama Koku? Kiti hakikufai?"

"Kiti kinanifaa. Wewe ndiye hunifai. Mbona hukumeza?"

Akacheka, Koku. Hata hakuona haya. Alicheka kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyeulizwa na mtoto. Akasema, "Ma Marta, waitu, nikimeza buni za abiria wote, nitalala lini?"

Na alikuwa na haki! Ndicho kinachoniudhi mpaka kesho. Dereva mwenye abiria wote wale angemeza buni zote angekesha hadi afe. Yeye alikuwa mtu wa biashara tangu siku ya kwanza, na aliandika hivyo juu ya kioo kwa herufi nyekundu. Mimi ndiye niliyelisoma neno lile kwa macho ya babu yako. Mjinga akierevuka mwerevu yumo mashakani, wanasema, lakini Kaijage hakuwa mashakani hata kidogo. Alikuwa na foleni ya wajinga wengine mpaka Kyaka.

Nilishuka na vibuyu vyangu katikati ya barabara. Ta Petro aliyekuwa ndiyo kwanza anakwea aliniangalia, akaangalia punje iliyo mkononi mwake, akaelewa. Akaitupa kwenye majani, akateremsha ngozi zake. Tulikaa pale kando ya njia, mwanamke wa samli na mwanaume wa ngozi, tukinuka kila mmoja kwa namna yake, mpaka lori la Abdala likaja. Hakutusalimu. Utingo aliteremsha mlango wa nyuma, tukapanda tukakalia magunia.

Na pale juu ya magunia nilifikiri jambo ambalo sijamwambia mtu, hata baba yako. Miaka yote ile, buni niliyomeza mimi, pacha wake nani alimmeza? Ni Ta Petro, mara nyingi, maana alikuwa anapanda baada yangu. Kaijage alitudanganya wote wawili, lakini buni zenyewe hazikudanganya. Kama kuna mukago ulifungwa ndani ya basi lile, ulifungwa kati yangu na yule mzee aliyeshuka siku ya mkono wako bila kujua kwa nini anashuka. Mchungaji akisikia haya atanitenga, na anitenge.

Basi ndiyo maana nilipiga kelele leo. Sikukasirishwa na wewe kutaka kiti kizuri. Nani hapendi mto? Nilikasirika kuona uso wako. Ulikuwa uso wangu. Kaijage amezeeka, basi lake ni jipya sasa, la bati, analiendesha kijana wake, na neno lile bado liko juu ya kioo. Bado anajua jina la kumwita nani, na mbele ya nani. Amekuona umepata nafasi ya chuo, kesho kutwa utakuwa mwalimu, utakuwa na mshahara na safari za likizo kila mwaka. Anakupandia mbegu mapema. Kasema ni bure? Kwangu pia mto ule ulikuwa bure.

Itazame hiyo punje kwenye leso yako. Je, aliipasua mbele yako? Au alikuambia yake ameshameza?

Huko uendako, ng'ambo ya ziwa, wapo wengi wenye mikebe. Sijui watakuja kwa sura gani, sijawahi kufika. Huenda ni mwalimu mkuu atakayekuchagua wewe miongoni mwa wenzako, huenda ni rafiki, huenda ni bwana wa kukuoa, na huyo niandikie mapema nimtazame vidole. Sikukatazi kuwa mwaminifu, Koku. Mimi nimezaliwa kwa watu waaminifu na nilishibishwa na maharage yao. Nakuomba tu uangalie mwenzako kama anameza. Na siku ukigundua hamezi, shuka. Shuka hata kama umekwenda naye mbali, hata kama uliwahi kumtetea mbele za watu, hata kama watakucheka. Usingoje kama mimi nilivyongoja, na mtu mwingine akapinda kwa ajili yako.

Sasa habari ya alfajiri. Ta Petro amefika Bugene tangu jana na ngozi zake. Amekushikia nafasi kwenye lori la Abdala kwa kuweka koti lake kuukuu juu ya benchi, na koti hilo linanuka, na jirani zako watakuwa mzigo wa ngozi, na hao wananuka zaidi. Mzee Abdala hatakuita binti wa mtu. Atakuuliza unashukia wapi, basi. Omukago litasimama upande wa pili wa barabara, kiti cha mbele, mto, na watu wote wa Bugene wakikutazama.

Baba yako amesema nisikuchagulie, na kwa mara hii namtii. Nitakuja hadi barabarani. Ukipanda lori nitakupungia mkono. Ukipanda basi nitakupungia vilevile, ila nitakuwa nimekunja uso, na utaniwia radhi, uso huu siwezi kuuamrisha. Lakini Ta Petro umwamkie kwanza, kabla hujapanda popote. Mpe mkono wa kushoto pamoja na wa kulia, auone ulivyokua.

Nitaiweka barua hii juu ya sanduku lako ili usiweze kulifunga bila kuiona. Karanga zimo kwenye kopo, ndizi za kuchoma nimezifunga kwenye jani. Hasira imepungua kidogo, si yote. Hii iliyobaki niachie mwenyewe, nimeizoea.

Na salamu, nilisema mwishoni: nakusalimu sana, mwanangu. Nakusalimu asubuhi zote ambazo sitakuwepo.

Nilikwenda kwenye kikapu nikachukua buni, nikaipasua, nikataka kukuwekea nusu humu ndani. Nikairudisha. Usiitafute. Mukago ni wa watu ambao hawajachanganya damu, na mimi na wewe tulichanganya siku nyingi, kwenye sakafu ya chumba hicho hicho ulichojifungia.

Fungua mlango, Koku. Chakula kinapoa.

Mama yako,
Marta